Gundi ya Unga

Jumanne, 5 Mei 1953

Insha yangu iko kwenye gazeti la ukutani, mlangoni pa shule! "Jina la Mji Wetu." Nimeeleza kwamba Chemnitz kwanza lilikuwa jina la mto, na mto wenyewe ulipewa jina hilo na Waslavi wa kale, walioishi hapa kabla yetu sisi Wajerumani: maana yake mto wa mawe. Mwalimu wetu, Bi Lötzsch, amesifu mwandiko. Gundi ya unga nilipika mwenyewe, nzito, isibanduke hata kona. Nimemalizia hivi: Baba yangu Gerold Uhlig, fundi wa mashine za kufuma, husema wafalme wamepita, vita vimepita, jina hili hakuna atakayelifuta.

Alhamisi, 7 Mei

Serikali imetangaza. Kuanzia Jumapili mji utaitwa Karl-Marx-Stadt, yaani Mji wa Karl Marx.

Mezani nikawaambia nilichoandika. Mama aliweka uma chini. Baba hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Aliuliza tu kama jina lake limo. Limo. Zima. Mama akamtaja jirani wa ghorofa ya chini, aliyechukuliwa na polisi wakati wa theluji, bila hata soksi, kwa mzaha mmoja tu juu ya serikali. Mkewe hajapata barua mpaka leo.

Jumamosi, 9 Mei

Nilifika kabla ya kengele. Nikabandua. Ikachanika! Insha yote ikaja mkononi, mstari wa mwisho ukabaki ukutani, jina la Baba limeng'ang'ania. Nikakwangua kwa kucha. Ortrun wa darasani kwetu akanikuta kabla sijamaliza. "We Sieglinde, unachana gazeti na kesho sherehe? Baba yako kakutuma?" Alikuwa anacheka.

Jumapili, 10 Mei

Bendera. Hotuba. Tuliimba.

Jumatatu, 11 Mei

Mkuu wa shule amepita kila darasa akiuliza nani kachana. Ortrun alitazama dawati lake. Nimefunzwa kusema kweli — na sikusimama.

Sasa ni jioni, Bi Lötzsch yuko jikoni kwetu. Ameniletea karatasi safi. Niandike upya, kuhusu mto peke yake. Mto haukubadilishwa jina, kwa hiyo hakuna wa kunilaumu. Naandika hapa kwanza, chumbani. Nimeanza kutumaini kidogo.

Mlango wa jikoni uko wazi. Baba anauliza habari za ule mstari uliobaki.

"Mkuu ameshaunakili, Bwana Uhlig," anajibu Bi Lötzsch. "Kesho asubuhi utaitwa polisi."

Baba amemwomba Mama soksi zake za sufu. Mwezi wa tano huu, na madirisha yote tumefungua kwa joto.