Uje Kutembea Tu

Ediofe, Arua
Oktoba

Kwako Kaka Yengi,

Pokea salamu zangu wewe, wifi Harriet na binti yenu Suzan. Naomba barua hii iwakute mmeamka vizuri, na Suzan amesharudi kuruka kamba kama alivyozoea kabla ya kulazwa hospitali. Mimi ni mzima, ila wanafunzi wa mwaka huu wananimaliza. Huku mvua ni nyingi na barabara ya Ediofe ni matope matupu.

Najua utaigeuza bahasha hii huku na huku ukijiuliza nani siku hizi bado anaandika barua. Ni mimi, dada yako Scovia, na nimempa kondakta wa basi akukabidhi mkononi. Jambo hili liliharibikia kwenye simu, kwa hiyo simu sitaki hata kuiona.

Unakumbuka Agosti ulipompigia Mama ukamwambia aje Entebbe. Ulimweleza kwa upole kwamba hakuna shida yoyote, hakuna harusi wala mgonjwa, aje kutembea tu, aone ziwa na ndege zinavyotua. Akakujibu kwamba simsim bado iko shambani. Ulipompigia tena akasingizia goti. Mara ya tatu hakupokea. Ndipo ukanipigia mimi, ukasema Mama hakutaki wewe wala mkeo, na Krismasi hii hutakanyaga nyumbani Midia. Ukaniomba nisimwambie kwamba umemkasirikia.

Sasa wewe unanijua, swali likinikaa kichwani silali. Mama ana nguvu, anapenda vicheko, anapenda wageni. Kwa nini akatae safari ya raha? Nikajiuliza zaidi: hivi watu wetu walianza lini kusafiri kwa raha, na walifuata nini? Nafundisha historia mwaka wa tisa huu, na hilo sijawahi kulifundisha. Basi nikaanza kuuliza watu, nikidhani nikilijua hilo nitamjua Mama.

Nilianza na jirani yangu mzee Dramadri, yule askari mstaafu. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema ujanani walitembea kutwa nzima kwenda ngoma ya kijiji kingine, wakacheza, wakala, wakatazama wasichana, wakarudi miguu imevimba. Ila hakuna aliyethubutu kusema anakwenda kucheza. Ulikwenda kumsalimu shemeji, ulikwenda kuulizia jembe. Kaka zake walipokwenda kukata miwa huko kusini walisema wanatafuta hela ya kodi, lakini mkubwa wao alikiri baadaye kwamba yeye alitaka kuona treni. Mzee akanieleza kwa Kiswahili chake cha kambini: “Mutu hawezi kutembea bure, mwalimu. Lazima iko kitu. Kama hakuna kitu, watu naogopa wewe.”

Maneno hayo niliyaandika, lakini sikuyaelewa.

Nikamuuliza mwenzangu Shamim, anayefundisha hesabu na kila likizo yuko barabarani na kikundi chake, leo maporomoko ya maji, kesho milima. Kwanza alisema wanafuata picha, kwa sababu safari isiyo na picha ni kama hukwenda. Nilipombana akacheka, akasema ukweli ni kwamba anafuata kitanda mahali ambapo hakuna ndugu wa kumgongea mlango kuomba chumvi. Nilishangaa sana, Kaka. Wazee walisafiri ili wawafikie ndugu, na sisi tunasafiri ili tuwakimbie! Nilitamani ungekuwepo tubishane.

Wikiendi iliyofuata nikaenda Midia kumuuliza Mama mwenyewe, sio kuhusu Entebbe, kuhusu ujana wake tu. Je, wajua Mama alikuwa msafiri? Yeye na wenzake walivuka mpaka kwenda upande wa Kaya, Sudan, kucheza ngoma, kila mmoja na kuku kwapani, eti wanampelekea shangazi. Kuku wa Mama alirudi naye nyumbani. Halafu vikaja vita vya sabini na tisa. Alisema tu kwamba tangu hapo kila safari yake ilikuwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto wa kwanza kubebwa hivyo ulikuwa wewe. Nikafurahi, nikadhani jibu nimelipata. Nikaona safari kwake ni kukimbia, basi. Nilikuwa nimekosea.

Aliyenifungua macho ni Agnes Keji, yule mama kutoka Yei anayeuza vitenge sokoni Koboko, rafiki wa Mama. Nilipita kumsalimu nikiwa narudi Arua. Nikamsimulia mambo ya Entebbe kama kichekesho, jinsi Mama alivyokataa kwenda kuona ndege. Agnes hakucheka. Aliniuliza kaka yangu alisema nini hasa kwenye simu. Nikamwambia. Akaweka kitenge chini.

Alisema yeye ndugu zake walimpigia akiwa Juba, wakamwambia arudi nyumbani apumzike kidogo, hakuna shida yoyote. Alipofika alikuta mikeka imetandikwa uani na mumewe ameshazikwa. Nami najua, Kaka, na wewe unajua, sote tumefanya hivyo: msiba hautajwi kwenye simu, mtu anaitwa kwa maneno laini ili asianguke njiani. Agnes akanitazama, akasema, “Wewe mwalimu, hii maneno ya ‘hakuna kitu, kuja tu’, si maneno ya matanga?”

Sikupanda gari la Arua siku hiyo. Nilirudi Midia mbio.

Mama alikuwa anapepeta simsim. Nilimuuliza moja kwa moja, na alinijibu bila kuacha ungo. Alisema anajua mjukuu wake amekufa. Alijua mtoto alilazwa hospitali, halafu siku chache baadaye ukapiga wewe, unayeongea kwa kelele tangu utoto, ukaongea polepole. Hakukulaumu. Alisema ulifanya kama mtoto aliyelelewa anavyotakiwa kufanya. Ila akienda Entebbe ataonyeshwa kaburi, na asipokwenda, mtoto bado yuko huko anacheza. Amekuwa akikaa na hilo peke yake tangu Agosti, Kaka, na mimi nilikuwa naandika habari za ngoma.

Nikamwapia kwamba Suzan ni mzima. Alinipapasa mkono akasema na mimi nimetumwa, na kwamba nafanya vizuri. Nikamwonyesha picha, akauliza ilipigwa lini. Nikataka nikupigie asikie sauti ya Suzan, akaichukua simu akailaza kifudifudi kwenye mkeka. Alisema watoto wote kwenye simu wana sauti moja. Kila nilichosema kumtuliza, ndicho hasa ambacho mtu mwenye msiba wa kuficha angesema. Nililia, na kulia kwangu kukaharibu zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilipoona maneno mazuri yameisha, nilisema mabaya. Nilimwambia yote uliyonikataza. Kwamba umemkasirikia. Kwamba umesema anampenda Scovia peke yake, kwamba anamdharau mkeo, kwamba Krismasi huji, na ya ile bahasha ya picha uliyomtumia asikushukuru, nayo nikaitaja.

Mama aliweka ungo chini. Akaniomba nirudie, tena kwa sauti yako. Nikarudia, nikaongeza na ule ukelele wako. Uso wake ulifunguka, Kaka, sijui nikuelezeje, alionekana kama msichana. Alisema mtu aliyezika mtoto hana nafasi ya kugombana na mama yake kwa sababu ya bahasha. Akarudia hivyo mara nyingi, akitikisa kichwa na kucheka. Halafu akaniuliza, kwa kujiiba, kama mkija kugombana mtakuja na Suzan. Hakuwa amelitaja jina hilo tangu Agosti.

Ila jana nimeambiwa ameanza kuingiwa na shaka tena, anasema pengine mimi ni mwongo hodari. Kwa hiyo msichelewe. Nisamehe kwa kutoa siri yako, au usinisamehe, vyovyote, lakini panda basi. Usimpigie kwanza, na ukimpigia usiongee kwa upole hata neno moja. Njoo na hasira yako yote, usiipoze njiani. Ukifika, mwache Suzan aingie uani peke yake, wewe ubaki nyuma ukipiga kelele kuhusu ile bahasha.

Msalimie wifi Harriet, umwambie Mama hana neno naye. Mzee Dramadri anakusalimu, na Shamim anauliza kama ziwani kwenu kuna mahali tulivu pa kulala. Suzan mbusu kwa niaba yangu, kwa niaba ya bibi yake usimbusu, hiyo kazi anayo mwenyewe.

Ni mimi nduguyo anayekungoja stendi,
Scovia