Mtani, Kuhusu Ile Mashine ya Risasi

Mtani wangu,

Ndoo yako ya maganda ya risasi iko kwangu. Mkeo, Mama Neema, alinipigia simu Jumamosi, akaniomba niende kwenu Apple Valley nikaichukue, maana kila akiingia gereji akiiona anarudi ndani. Nilipoinyanyua ikalia, ile sauti ya shaba unayoijua, na yeye akageuka akatazama ukutani. Akanipa chai. Nilikunywa nusu.

Wenzetu wa hapa Marekani wakimaliza kulenga shabaha uwanjani huondoka zao. Wewe Mpare ulibaki umeinama unaokota maganda ya watu wasiokujua, na mimi Mchaga nimesimama pembeni, najifanya hatukuja pamoja. "Mtani, hii ni mali, wanaitupa!" Ndivyo ulivyoniingiza kwenye mambo ya kujaza risasi wenyewe: ganda linasafishwa, linatiwa kiwashio na baruti, kichwa kipya kinakandamizwa juu yake, kisha unarudi uwanjani kutoboa karatasi. Tulichokosa ni mashine tu.

Na mashine ikatugombanisha majira yote ya baridi. Wewe uliitaka ile ya hatua moja moja, ganda moja, kazi moja, taratibu. Mimi niliitaka yenye sahani inayozunguka, ambayo kila ukivuta mkono wake risasi moja imekamilika. Ukasema hiyo ni mashine ya mtu asiyetaka kutazama anachofanya, na baruti si kitu cha kuchezea. Nikakujibu kwamba ya kwako ni ya watu waliozoea kesi zisizoisha, maana Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Ulicheka mpaka ukamwaga chai kwenye kochi la Mama Neema. Tukapatana kwamba theluji ikiisha tutakwenda dukani Maple Grove, tukaamue hukohuko mbele ya muuzaji.

Hukuingoja theluji iishe. Presha ilikuangusha kazini, hospitalini, katikati ya manesi wenzako, watu wanaojua kazi yao, na bado hawakuweza kukurudisha. Nimekasirika, Mtani. Simjui wa kumkasirikia, lakini nimekasirika.

Siku ya kukuaga nilifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Walipotaka kutoa jeneza lianze safari ya Same, nililala chali mlangoni nikatangaza kwamba Mpare hapiti hapa mpaka akiri mashine ya kuzunguka ndiyo bora. Watu wakacheka huku wanalia. Yule mama wa Kimarekani mwenye ile nyumba tuliyokuagia akadhani nimezimia, akapiga magoti, akaanza kunitafuta mapigo ya moyo. Mjomba wako akamtuliza. Kisha akatoa sarafu akaiangusha karibu na sikio langu, maana nchi nzima inajua kwamba Mchaga asiyeinuka kwa mlio wa sarafu, huyo kafa kweli.

Ikalia. Mtani, sikuinuka.

Nilijaribu. Mwili ulikataa. Nilikuwa nimelala kwa utani, na palepale sakafuni nikaelewa kwamba wewe ndiye uliye ndani ya lile sanduku, kwamba hutanijibu. Nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, na kicheko chote kikazimika. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeniinua. Sarafu yake aliiokota, lakini. Mpare ni Mpare.

Jana nikaenda Maple Grove peke yangu. Mashine zote mbili zilikuwa zimefungwa mezani kwa wateja kujaribu. Nikashika mkono wa ile yako, nikauvuta. Ni nzuri, Mtani. Nzito, imetulia, unalisikia ganda likikaa mahali pake. Nikajiambia basi, ninunue hii, nimuenzi marehemu, ndivyo wanavyofanya watu wenye utu. Muuzaji alikwisha kwenda kuleta boksi lake.

Halafu nikashindwa. Tangu tufahamiane sijawahi kukukubalia kitu chochote kirahisi, hata chumvi kwenye nyama choma. Mtani hamwonei mtani wake huruma. Anayeonewa huruma ni maiti. Nikikukubalia leo nitakuwa nimekuzika kwa mikono yangu mwenyewe, na hilo siliwezi. Nikamwomba muuzaji radhi, nikabadilisha.

Nimenunua ya kuzunguka. Nimeifunga kwenye meza ya gereji yangu hapa Bloomington, na leo asubuhi nimeijaribu kwa maganda ya ndoo yako. Naizungusha polepole, nakagua ganda moja moja kama ulivyokuwa unanisihi, na usidhani kwa hilo umeshinda. Risasi ya kwanza ilitoka kichwa kimekaa upande, ovyo kabisa. Nikageuka nikuonyeshe unicheke. Nilikuwa nimeshaunyoosha na mkono nikupe.

Nikairudisha mezani.

Pumzika, Mpare mbishi. Nikipata likizo nitakuja Same, nitasimama kaburini kwako mbele ya ndugu zako wote, niseme kwa sauti kwamba mashine yako haifai. Utajua kwamba nasema uongo. Lakini nakuahidi, Mtani, sitakiri, si kwao wala si kwa mtu yeyote, mpaka siku tutakapokutana unishinde kwa mdomo wako mwenyewe.

Mimi mtani wako,
Mchaga