Nilisema "Futa"

Shoga Subira, upo?

Nimefuta kazi ya Ayubu. Ya chuo. Yote!

Si unajua mjukuu wangu huyo tangu apooze mikono hawezi kuchapa. Leo fundi Elisha amekuja kumwekea kwenye kompyuta programu inayosikiliza. Unasema, yenyewe inafanya. Nikawaletea chai, nikaimwaga mezani! Mkwe wangu Hafsa akashika kitambaa, nikampigia kelele, "Futa, futa yote haraka!"

Kompyuta ikajibu, "Nimefuta yote."

Ilijibu, Subira! Sauti ya mwanamke, tena kwa adabu.

Elisha akashika kichwa. Utafiti wote wa mwani wa pwani ya Msimbati, na nakala nyingine hakuna. Nikakimbilia uani. Ayubu hakunigombeza, ndicho kinachoniliza.

Sasa hivi kaniita kwa upole: "Bibi, njoo. Elisha anasema kazi inaweza kurudi, ila programu bado haijaizoea sauti yangu. Imeshika yako. Sema tu 'rudisha'."

Neno moja tu. Nimesimama mlangoni, shoga, mdomo hautaki kufunguka. Ikisikia vingine je?