Ananishukuru kwa Pesa Yake Mwenyewe

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana kiti ninachokalia nikikuandikia kimeanza kunichoma. Nina duka dogo la rejareja, na kiti hiki nilisukiwa bure siku nafungua duka na baba mmoja jirani, msuka viti asiyeona, ambaye kwa miaka tisa amenunua kwangu kwa noti anazozikunja mwenyewe, ya elfu mara mbili, ya elfu tano mara nne, hakosei hata siku moja, mpaka mwaka huu nilipochoka kutafuta chenji nikabandika tangazo mlangoni kwamba hapa ni kulipa kwa simu tu. Hakulalamika. Alinikabidhi simu yake, akaninong'oneza namba ya siri, "Bonyeza wewe, mwanangu, macho yangu ni wewe," nami nikabonyeza.

Shangazi, mwezi uliopita alinunua sabuni ya mia tano, foleni ndefu, mikono mbio mbio, nikaongeza sifuri moja. Nilishtuka ameshaondoka, na badala ya kumkimbilia nikaona aibu, nikajiambia nitamrudishia kidogo kidogo, basi kila akija namtilia kwenye kikapu sukari, kiberiti, majani ya chai, naye anapapasa, anacheka, "Hii nayo ya nini? Mungu akuzidishie!" Kumbe binti yake, mshonaji, ndiye humsomea meseji, akaiona ile elfu tano akamwambia baba unaibiwa, na baba akamkaripia, "Huyo ananilisha, wewe unamsema vibaya?" akamnyang'anya simu, na sasa ni wiki ya pili binti hakanyagi kwake. Wateja ndio wameniambia. Nashukuru mno kwa alivyonitetea, lakini usingizi sina. Nikisema, si nitampoteza?

Mwenye Duka la Kona

Mwenye Duka, pole, na asante kwa kuandika, maana wengi wangelimeza hili wakashushia na soda. Hukukusudia kuiba, hilo nakuamini. Lakini mama wee, umekuwa mkarimu kwa mfuko wa mwenzio! Yule baba anakushukuru kwa pesa yake mwenyewe, na wewe unaitikia "karibu tena". Na kwa ajili ya hiyo sukari, binti aliyesema kweli kageuzwa mbaya.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi usifungue duka. Anza kwa binti, pale pale kwenye cherehani yake, umwambie, "Ulisema kweli, mimi ndiye niliyenyamaza." Akifoka, mwache afoke, ana haki. Kisha mwende nyote wawili kwa baba, na useme wewe, si yeye. Umpe pesa yake yote taslimu, mkononi, usikate hata bei ya kiberiti. Vitu ulivyotia kikapuni ni faini ya woga wako. Noti azikunje mwenyewe.

Na lile tangazo ulibandue. Simu ni nzuri, hata mimi mboga nanunua kwa simu, lakini kutafuta chenji ni kazi ya mwenye duka, na mtu anayelipa kwa mkono wake hana haja ya kumnong'oneza yeyote siri yake. Namba ile aibadilishe, binti amsaidie.

Unauliza kama utampoteza? Mtu aliyegombana na damu yake kwa ajili yako haondoki kirahisi. Atanuna kidogo, usijitetee. Siku atakayorudi na noti yake iliyokunjwa mara mbili, akachukua sabuni na chenji yake, akasema asante, itikia kwa sauti. Asante hiyo itakuwa yako.