Baba Festo, Usiache Kabla ya Kufika Hospitali

Hospitalini, Mbeya
Jumatano mchana

Baba Festo mume wangu,

Kamwene. Habari za hapo nyumbani, na kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo ya asubuhi? Mama mkwe anaamkaje, ule mguu unamruhusu kutoka nje kuota jua? Mahindi najua yameshapita magoti, na kama mvua inapiga huko kama inavyopiga huku, basi mianzi nayo imeamka na wagema wa ulanzi wapo kazini. Mimi ni mzima, mgongo tu kwa kulala kwenye benchi. Festo wetu yuko hai. Nimeanza na hilo ili haya mengine uyasome umetulia.

Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne ndipo nilipoishia, univumilie. Ila soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja kumwona binti yake huko, nimemwambia akupe mkononi.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Juzi nilipopiga kwa shemeji Mama Neema pale dukani, akaweka sauti kubwa kama kawaida yake, duka zima likawa linasikiliza. Nikakwambia mtoto amezinduka. Halafu nikakusikia: "Nilimwambia Mungu, akinirudishia Festo mimi naacha pombe. Jumapili hii nasimama mbele ya usharika." Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema, "Baba Festo, usiache." Wakacheka. Sauti ya mzee Kastori niliijua, anasema, "Kumbe mama ndiye anayemnunulia." Na shemeji akadakia, "Huyu hospitali imemchanganya, mwacheni akalale." Salio likaisha hapo hapo.

Sijachanganyikiwa, mume wangu. Ngoja nikueleze yaliyompata mtoto, ndipo utanielewa.

Unajua tangu tufike Ubaruku Festo anabeba magunia pale mashine ya kukoboa mpunga, na mimi nawapikia vibarua. Kunywa alikuwa anakunywa, sikukuficha. Mwaka huu ikazidi, anaamka anatafuta chupa ndogo kabla hajanawa uso. Tajiri wake akamwambia, ukija unanuka tena usikanyage hapa. Na mwenyewe nadhani alishajichoka. Jumatatu ya wiki iliyopita akaja akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mama, nimeacha."

Nilifurahi mwenzio. Niliwatangazia wanawake wote wanaopepeta pale mashine. Kila anayepita namwambia, Festo ameacha. Nikachinja yule kuku mweupe.

Nyama yenyewe hakuila. Jioni ile ile mikono ikaanza kutetemeka, kikombe cha chai kikamwagika chote. Nikasema ni homa, nikamfunika blanketi. Akatoka jasho mpaka godoro likalowa. Kesho yake anatapika, usingizi hapati, ukimwekea mkono kifuani moyo unakwenda mbio kama wa kuku aliyekamatwa. Mimi nikawa namwambia vumilia mwanangu, ni uchafu unatoka, ukishinda hili umeshinda yote. Jirani yangu akaja akachungulia, akasema, "Mama Festo, huyo mpe kidogo kimtulize, halafu umkimbize hospitali." Nilimfukuza na mwiko. Nikamwambia, "Unataka kumrudisha mwanangu kwenye chupa?"

Siku iliyofuata akaanza kuongea na watu nisiowaona. Ananiambia, "Mama, toa hao panya, wanamaliza mpunga wa watu." Pale chini palikuwa na viatu vyake tu. Anashika blanketi anachomoa punje moja moja, anapuliza, anatupa. Akaniangalia akaniita shemeji.

Tukampeleka zahanati, mimi na vijana wawili wa mashine. Yule kijana aliyekuwepo akauliza, "Anakunywa pombe?" Na mimi nikajibu kwa kujisikia kabisa: "Hapana. Ameacha."

Akaandika hapana. Akampima malaria, hakuna. Akampa dawa ya kichwa, akasema apumzike. Simlaumu, mimi ndiye niliyemjibu. Tulipofika mlangoni mtoto akaanguka. Mwili ukakakamaa wote, meno yakauma ulimi, povu lenye damu. Watu wakarudi nyuma, "Kifafa hicho, msimguse." Nikakaa chini nikaweka kichwa chake mapajani kwangu. Festo hajawahi kuanguka tangu nimemzaa, wewe unajua.

Tajiri wake, Mungu ambariki, akatoa gari likatuleta huku Mbeya. Njia nzima nashika pua yake nione kama anahema. Alianguka tena mara moja kabla hatujafika Uyole.

Hapa alitupokea daktari mwanamke, mama mtu mzima, Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani. Naye akauliza vile vile, "Anakunywa?" Nami nikajibu vile vile, "Ameacha." Kalamu yake ikasimama. Akaniangalia, akasema, "Ameacha lini?"

Nikamwambia, "Jumatatu, daktari."

Hakuandika tena. Aliita manesi kwa majina, wakaja wawili wanakimbia. Akaniambia, "Mama, hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Asante kwa kunijibu."

Neno lile lile, Baba Festo. Mahali pamoja lilitutoa na dawa ya kichwa tu, mahali pengine lilimwokoa mtoto, kwa sababu ya huyo mama kuongeza "lini".

Wakamchoma sindano ya kumtuliza, wakamtundikia dripu na ndani yake wakatia vitamini, wanasema ubongo wa mnywaji unakuwa umekauka vitamini. Baada ya hapo vidonge, leo vingi, kesho wanapunguza, keshokutwa wanapunguza tena. Nesi anakuja kumpima kila mara, anamwambia nyoosha mikono, anaangalia inavyotetemeka. Alipigana nao mwanzoni, aling'oa dripu, alimwita nesi mmoja mwizi wa magunia. Nesi akamjibu, "Mimi mwizi kweli, ila leo nimekuja kuiba ugonjwa wako, lete mkono." Nilicheka huku nalia.

Asubuhi ya Jumapili akafungua macho, akaniangalia sana, akasema, "Mama, umekula?" Ndipo nilipojua amerudi.

Sasa nilimfuata daktari, nikamuuliza, kuacha pombe si jambo jema, imekuwaje mtu aache halafu afe? Akaniambia, "Mama, umeshapita mteremko wa Kitonga?" Nikamwambia nimepita, ndiyo njia yetu ya kwenda Morogoro. Akasema, "Pombe ni breki. Mtu anayekunywa kila siku, breki imekanyagwa miaka. Mwili nao ili usizime unakanyaga mafuta, unazidi kukanyaga. Siku ukiondoa breki kwa ghafla, mafuta bado yamekanyagwa. Gari linakwenda wapi?"

Nikamwambia, korongoni.

"Basi hizi dawa ni za kumsaidia dereva atoe mguu kwenye mafuta taratibu. Na breki ya pombe tumeshaiondoa, harudi tena kwenye pombe."

Nikauliza kama ni wote. Akasema si wote, wengine wanaacha, wanatetemeka kidogo, yanapita. Ila mtu wa kawaida nyumbani hawezi kujua nani yatampita na nani yatamuua. Anayekunywa tangu asubuhi kila siku kwa miaka, au aliyewahi kuanguka, huyo asijaribu peke yake chumbani kwa maombi na blanketi. Maombi aombewe, lakini awe hospitali.

Halafu akaniuliza, "Huko nyumbani kuna mwingine?"

Nilifikiria nyumbani, mume wangu. Nilikuona wewe. Niliona mkono wako wa asubuhi, unavyoshika kikombe kwa mikono miwili mpaka cha kwanza kiingie. Ndevu hunyoi mpaka uwe umekunywa, ukinyoa kabla unajikata. Na ile wiki ya msiba wa kaka yako, ulipokaa bila kinywaji kwa heshima, ulitoka jasho usiku kucha ukawa unamwona marehemu amesimama mlangoni. Tulisema ni uchungu. Tulisema amekuja kukuaga.

Daktari akauliza, "Anakunywa nini?" Nikamjibu kama unavyojibu wewe: "Hanywi pombe, daktari. Ni ulanzi tu."

Akacheka, si kwa dharau. "Mama, mimi nimesoma Iringa. Ulanzi wa kushuka asubuhi hii hata mtoto anaonja. Huo uliolala kwenye dumu unaitwaje?"

Nikasema, huo ni mkali.

"Na kiangazi mianzi ikikauka?"

Nikasema komoni, ile ya mahindi. Akaendelea kuningoja. Nikasema, na gongo.

"Basi huyo ni mnywaji kama mwanao, tena wa miaka mingi zaidi. Mwambie asiache mwenyewe."

Ndiyo maana nikakwambia usiache, watu wakacheka. Ningekuwa mimi hapo dukani labda ningecheka pia. Mke anayemwambia mumewe asiache pombe, nani amewahi kumsikia. Mimi niliyemwaga madumu yako, niliyelala kwa mama mkwe kwa hasira, niliyefunga na kuomba uache. Nataka uache kuliko wakati wowote. Ila nakutaka na wewe, sio kuacha peke yake.

Sikiliza sasa ninavyokuomba. Jumamosi asubuhi panda gari uje hospitali ya mkoa hapo Iringa mjini, na mdogo wako Elia awe pembeni yako, usije peke yako. Mpaka siku hiyo kunywa kiasi chako kile cha kutuliza mikono, usiongeze kwa kuaga, na usikate ghafla kwa kujionyesha mwanaume. Gongo usiguse. Kula, hata uji. Ukifika sema yote: unakunywa nini, tangu lini, kikombe cha mwisho umekunywa wakati gani. Usiseme kidogo tu. Usiseme ulanzi sio pombe. Na kabla ya Jumamosi, ukiona umeanza kutetemeka kwa nguvu, au unaona vitu ambavyo Elia havioni, au umeanguka, msingoje siku hiyo, Elia akutafutie gari saa hiyo hiyo.

Najua kinachokusumbua ni nadhiri. Umemtamkia Mungu, na watu wamesikia. Mwambie mchungaji neno kwa neno nilivyoandika hapa. Jumapili kanisani wakuombee ukiwa umelazwa wodini, sidhani kama Mungu atakasirika. Ulimwahidi kuacha, hukumwahidi kufa.

Festo hajapona bado, nisikudanganye. Leo amekula uji na nusu ya ndizi, anatembea mpaka chooni amejishikilia ukutani, anaona haya hata kunitazama. Daktari anasema kutetemeka kutaisha, hamu itabaki, na hiyo haina sindano. Kuna mshauri atakaa naye, na akitoka atakuwa anarudi kumwona. Naogopa akirudi Ubaruku kwa wenzake. Naogopa pia kumwacha hapa, lakini mdogo wangu wa Uyole amekubali kukaa naye, na mtoto mwenyewe nilipomwambia habari zako alisema, "Nenda Mama. Baba asipitie nilipopita mimi." Ijumaa naondoka kuja Iringa.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mjukuu wake anahema vizuri na asilie tena. Msalimie Elia, mwambie namtegemea, ng'ombe amwachie mtu siku hiyo moja. Binti yetu Ester asikose shule kwa ajili ya mambo haya, aje kutuona siku ya mapumziko. Shemeji Mama Neema msalimie sana, sina kinyongo, ila nikipiga tena aondoe hiyo sauti kubwa. Mzee Kastori naye mpe salamu, mwambie akimaliza kucheka ajiangalie mikono yake asubuhi.

Mimi Jumamosi nitakuwa getini hospitali tangu mapema, nimevaa ile khanga ya bluu unayoijua. Ukishuka kwenye gari unanuka ulanzi, usinionee haya, usitafune majani ya mpera wala kuziba mdomo na kofia. Miaka yote harufu hiyo imenifanya nigeuzie uso ukutani. Jumamosi nitaisogelea, maana nitajua umefika kwangu ukiwa mzima.

Ni mimi mkeo akupendaye,
Mama Festo