Maneno Baada ya Wimbo

Didia, 3 Juni 2024

Mwanangu Ngusa,

Hujambo huko machimboni? Mimi na mdogo wako Dorah tu wazima. Naandika kwa sababu ukipigiwa simu ni "eh? eh?" tu, unasingizia mtandao.

Spika zimefika na zimeniudhi! Nilikupa wimbo wa marehemu baba yako kwenye flashi, nikakwambia dukani usikilize huo, uchague spika inayotoa maneno. Umeniletea madude marefu kama Dorah, yanapiga besi mpaka bati linatetemeka. Nimeyatoa kwenye kona, nimeyasogeza mbali na ukuta, nimepunguza besi, bado baba yako anaimba kama yuko ndani ya pipa. Na yale anayosema wimbo ukiisha hayasikiki kabisa. Uliyasikia dukani, au ulijaribu kwa miziki yenu ya huko?

Mama yako

Mwakitolyo, 9 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila umenikera. Nilisikiliza wimbo huo huo kwenye jozi nne, mpaka muuzaji akanuna. Zile ndogo zinanong'ona tu. Hizi angalau nilimsikia baba kifuani. Na hakuna anachosema wimbo ukiisha. Unaisha, basi. Miaka mitatu nasimamia karasha linalosaga mawe ili upate kitu kizuri, halafu unanisema hivi!

Mwanao Ngusa

Didia, 15 Juni 2024

Ngusa,

Salamu baadaye. Jirani yetu Eliya kaleta vispika vyake vidogo, tumesikiliza na Dorah. Kila neno limetoka. Wimbo ukiisha baba yako anakohoa, kisha anasema taratibu, "Ng'wanone Ngusa." Ni kilugha chetu, "Mwanangu Ngusa." Anakutaja wewe! Ndiyo maana nilikutuma wewe ukachague.

Zile ndogo hazikunong'ona. Karasha limekula masikio yako na wewe umekaa kimya! Toka hapo. Nina hasira nawe!

Mama yako

Mwakitolyo, 18 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata. Wimbo ninao kwenye simu. Nimeibana kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, nimerudia mpaka chaji ikaisha. Anamaliza kuimba, kimya. Nimelipiga teke karasha, nimemtukana bosi, nimelia mbele ya wenzangu.

Nakuja Jumamosi. Usiniwashie spika yoyote. Uniambie wewe, karibu kabisa na sikio, vile vile anavyonitaja.

Mwanao Ngusa