Mibuni Iliyoota Mvi

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Qurus hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kama enzi zetu tulipima afya ya mimea kwa picha. Tulipima.

Mibuni michache ilikauka, baba yangu akataka kung'oa shamba lote. Babu yako, wakati huo mchumba wangu, alipachika kioo chekundu kwenye kamera yenye filamu ya infraredi, inayonasa mwanga tusiouona, akapiga picha kutoka kilimani.

"Mbona mibuni imeota mvi?" baba akashangaa alipoiona picha.

"Iliyo myeupe ni mizima, mzee, majani yake hurudisha mwanga huo. Inayoumwa ni ile myeusi, kando ya mfereji."

Huko, kwa macho yetu, majani yalikuwa bado ya kijani. Tulipochimba, mizizi ilikuwa inaoza majini. Tukageuza mfereji, shamba likapona.

Tangu hapo siharakishi kung'oa kitu.

Bibi yako